Kupima upana wa kikosi cha soka kabla ya dirisha kubwa la usajili, fedha zikiwa chache

Ligi ikiisha, vijiwe vya Mwanga na Ujiji huanza kutaja majina: fulani aje, fulani atemwe. Somo hili linakwenda kinyume. Tunaanza na nafasi, halafu dakika, halafu mapengo, halafu shilingi, na majina yanakuja mwisho. Limelengwa kwa wanachama wa matawi ya mashabiki ya Kigoma na Tabora, lakini hesabu zake zinafaa kwa timu yoyote isiyo na tajiri.

Unahitaji daftari, kalamu ya bluu na nyekundu, orodha ya vikosi vya mechi zote za msimu uliopita (waliotoka na walioingia, na dakika zake), na jioni mbili tatu za utulivu.

Hatua ya 1: Panga nafasi, siyo majina

Andika nafasi 11 kwa mfumo ambao kocha anautumia kweli, siyo ule unaoupenda wewe. Chini ya kila nafasi acha mistari mitatu. Kila mchezaji aandikwe kwa bluu mara moja tu, pale anapocheza wiki hadi wiki. Kama anaweza kuziba kwingine, huko mwandike kwa nyekundu.

Rangi hizo mbili zipo kwa sababu ya mchezaji kiraka. Kiraka ni mali kwa timu ndogo, ila ndiye anayewadanganya watu. Unamkuta kwenye beki ya kulia, unamkuta kwenye kiungo mkabaji, unamkuta tena beki ya kati, unahesabu watu watatu. Siku beki wa kulia na mkabaji wakikosekana pamoja, unagundua ni mtu mmoja na ana miguu miwili tu. Kwa hiyo nafasi ambayo mstari wake wa pili una nyekundu pekee, ihesabu kuwa pengo nusu. Isiyo na kitu kabisa ni pengo zima.

Orodha ya usajili ya Ligi Kuu inaruhusu wachezaji 30. Timu inaweza kujaza 30 na bado ikawa na mapengo manne. Hapo ndipo mashabiki wengi wanapotea.

Hatua ya 2: Hesabu dakika

Timu 16 zinakutana nyumbani na ugenini, kila moja inacheza michezo 30. Kila nafasi ina dakika 2,700 za kugawa (30 × 90), na kikosi kizima kina 29,700. Dakika za nyongeza za mwamuzi ziache, zinavuruga hesabu bure.

Usihesabu mechi. Aliyeingia dakika ya 85 mara 14 anasomeka "mechi 14", kumbe amecheza dakika 70 msimu mzima. Kwa kipimo chetu:

- zaidi ya 1,800: nguzo
- 900 hadi 1,800: mshindani
- 300 hadi 900: akiba
- chini ya 300: jina tu

Sasa soma nafasi moja moja. Ukikuta nguzo mwenye 2,600 na nyuma yake mtu wa 100, usifurahi kwamba mna beki wa chuma. Mmecheza kamari msimu mzima na bahati ikawa upande wenu. Kadi za njano zikilimbikizana zinamtoa, na wanaozikusanya haraka ni mabeki na kiungo mkabaji, ambao kwa kawaida ndio wasio na mbadala. Nafasi yenye 1,600 na 1,100 ina afya zaidi, hata kama hakuna nyota.

Kwa timu za huku kuna jambo la ziada, nalo ni safari. Kigoma hadi Dar es Salaam kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200, na hata Tabora, jirani wa karibu, ni kama kilomita 400. Wachezaji wanakaa kwenye gari au garimoshi, wanacheza, wanarudi, wanacheza tena. Misuli ya paja haina ushabiki. Ndiyo maana timu inayoanza na watu wale wale kumi na mmoja hukata upepo mzunguko wa pili, na lawama zote humwangukia kocha.

Kumbuka pia kwamba sheria inaruhusu kubadilisha watano. Hiyo ni nusu ya wachezaji wa ndani. Mwenye benchi hafifu anaanza mechi akijua atapungukiwa kuanzia dakika ya 60.

Hatua ya 3: Weka tarehe

Pembeni ya kila jina andika umri na mwezi mkataba unapoisha. Kanuni za FIFA zinamruhusu mchezaji aliyebakiza miezi sita au chini kusaini na klabu nyingine. Mkataba unaoisha Juni, kuanzia Januari mlango uko wazi. Nguzo wawili wa namna hiyo wahesabiwe kama wameshaondoka, mpaka wasaini upya. Kuwabakiza karibu kila mara ni nafuu kuliko kuwatafutia warithi, lakini mkataba mpya hauna shangwe ya picha za utambulisho, basi viongozi wanauchelewesha.

Hatua ya 4: Ondoa wawili

Funika kwa kidole mchezaji mmoja wa bluu, panga kikosi. Kila timu itafaulu. Sasa funika wawili wanaocheza jirani: beki wa kati na mkabaji, beki wa kushoto na winga wa kushoto, kipa na beki wa kati. Ukilazimika kumhamisha mtu wa tatu kutoka nafasi yake ili kuziba, umeliona pengo halisi. Yaandike mapengo kwa mpangilio wa ukubwa. Kwa kawaida hayazidi manne.

Hatua ya 5: Gharama kamili ya mtu mmoja

Kijiweni bei ya mchezaji ni pesa ya kusaini. Hiyo ni sehemu tu. Tuchukue mfano wa kubuni, fungu la shilingi milioni 120 kwa msimu.

Mchezaji wa kawaida: kusaini milioni 10, mshahara 1,200,000 kwa miezi 12 ni milioni 14.4; mchango wa mwajiri NSSF wa asilimia 10 ni milioni 1.44, nyumba 150,000 kwa mwezi ni milioni 1.8. Jumla milioni 27.64. Wanne ni 110.56, na inabaki milioni 9.44 ya dirisha dogo, yaani usajili wa katikati ya msimu.

Nyota: kusaini milioni 45, mshahara 3,500,000 kwa mwezi, milioni 42, NSSF 4.2, nyumba 300,000, milioni 3.6. Jumla 94.8. Inabaki milioni 25.2, haimtoshi hata huyo wa kawaida mmoja.

Hatujagusa bonasi, matibabu, ujira wa wakala, wala kibali cha kazi na cha ukaazi kama ni mgeni. Na mkataba wa miaka miwili maana yake mshahara wa mwaka wa pili mnaudaiwa leo, iwe mmebaki Ligi Kuu au mmeshuka. Dai kifungu cha kupunguza mshahara timu ikishuka. Kiandikwe kabla ya sahihi, maana baada ya hapo hakuna atakayekubali.

Maoni yetu hayana uficho: timu yenye mapengo matatu ikinunua nyota mmoja, imenunua mabango.

Hatua ya 6: Soko la mfuko mwembamba

Anza na wachezaji huru, yaani wasio na mkataba, wenye dakika za msimu uliopita. Asiyecheza mwaka mzima ni nafuu kwa sababu, na ukimchukua hesabu wiki sita hadi nane kabla hajarudi kwenye pumzi ya dakika 90.

Pili, mkopo kutoka klabu kubwa. Vijana wanaosugua benchi Simba, Yanga na Azam wanahitaji mechi, nanyi mnahitaji miguu. Maswali manne yajibiwe kwenye karatasi: nani analipa mshahara na kwa asilimia ngapi, je, wenyewe wanaweza kumrudisha dirisha dogo, je, atacheza dhidi yao, na akiumia nani anamtibu. La pili ndilo linaloumiza. Mnamjenga hadi Desemba, anachukuliwa Januari.

Tatu, Championship (ligi iliyo chini ya Ligi Kuu) na timu yenu ya vijana. Mstari wa tatu wa daftari ujazwe na vijana wa nyumbani, usinunuliwe.

Nne, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Kongo na Burundi ziko karibu na vipaji vipo, ila mchezaji wa nje anahitaji hati ya uhamisho wa kimataifa, na akiwa kijana anayesaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa, klabu zilizomlea kuanzia miaka 12 hadi 21 zinaweza kudai fidia ya malezi hadi mwaka anaotimiza 23. Fidia isipolipwa, bei rahisi inageuka deni, na deni linageuka kufungiwa kusajili.

Hatua ya 7: Karatasi kabla ya jezi

Tarehe 16 Agosti 2023 pale Chamazi, Dar es Salaam, Kitayosce, iliyokuwa imehamia Tabora na baadaye ikaitwa Tabora United, ilianza Ligi Kuu dhidi ya Azam ikiwa na wachezaji wanane tu, wengine usajili wao haujakamilika. Ilikuwa imefungwa 4-0 na muda ulikuwa bado mapema kipindi cha kwanza wachezaji wake walipopungua chini ya saba, idadi ya chini kisheria, na mchezo ukaishia hapo. Watu walikuwepo, karatasi ndizo hazikuwepo. Timu hiyo hiyo, mambo yalipokaa sawa, Novemba 2024 iliifunga Yanga 3-1 pale pale Chamazi.

Kwa hiyo usihesabu mchezaji mpya kwenye daftari mpaka jina lake lithibitishwe kwenye mfumo wa usajili. Picha na jezi si usajili. Kabla ya dirisha kufunguka, ulizeni kama klabu ina deni lolote la mchezaji au kocha lililofika FIFA. Kama lipo, fungu la kwanza la bajeti liende huko, hata kama beki wa kushoto hamna.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama, Ipuli, Tabora:* Mwalimu, kwa nini usianze na straika? Mabao ndiyo pointi.

Anza naye kama hesabu inasema hivyo. Kabla hujamnunua, angalia mipira anayoletewa. Kama mawinga wote wawili wana zaidi ya dakika 2,400 na nyuma yao hakuna mtu, straika mpya ataletewa mipira na watu waliochoka. Mara nyingi winga wa pili wa milioni 27 anaongeza mabao ya straika uliyenaye tayari.

*Mwanachama, Ujiji:* Makipa watatu ni lazima? Naona wa tatu anakula mshahara bure.

Wawili wa kweli ni lazima. Wa tatu awe kijana wa timu ya vijana anayefanya mazoezi na wakubwa. Kosa la kawaida ni kipa wa pili asiyecheza hata mechi ya kombe. Mpeni raundi za mwanzo za Kombe la Shirikisho la hapa nchini, msije kumjua siku wa kwanza ana kadi nyekundu.

*Mwanachama, Gungu:* Shikamoo. Kuna dogo wa Burundi ana miaka 17, anatisha. Tumsajili sasa kabla hajaonekana?

Marahaba. Hapana, kwa kawaida haiwezekani. FIFA inakataza uhamisho wa kimataifa chini ya miaka 18, isipokuwa hali chache: mfano, wazazi wamehamia nchini kwa sababu zisizohusu mpira, au anaishi kwao ndani ya kilomita 50 kutoka mpaka na klabu nayo iko ndani ya kilomita 50 za mpaka huo upande wa pili, kwa ridhaa ya mashirikisho yote mawili. Msimwandikie umri mwingine. Hilo likifichuka, klabu inaadhibiwa na dogo anaharibikiwa. Subirini atimize 18, na mdumishe uhusiano na wazazi wake.

*Mwanachama, Kanyenye, Tabora:* Klabu ikichelewesha mishahara inapoteza nini zaidi ya kelele?

Inapoteza mchezaji, bure. Mishahara miwili ikilimbikizwa kinyume cha sheria, mchezaji anaweza kuandika notisi ya siku 15, na isipolipwa anavunja mkataba kwa haki, kisha anadai fidia. Ndiyo sababu hatua ya 5 inahesabu miezi 12. Pesa ya kusaini hulipwa mbele ya kamera, mshahara wa Februari hulipwa mapato ya mlangoni yakiwa yamekauka.

*Mwanachama, Kasulu:* Dakika nazipata wapi? Sina kompyuta.

Daftari linatosha. Sikiliza redio au tazama mechi, andika waliotoka na dakika. Aliyetoka dakika ya 63 amecheza 63, aliyeingia amecheza 27. Mwisho wa kila mechi jumlisha: lazima ipatikane 990 kama hakuna kadi nyekundu. Ikipatikana 963, kuna mtu aliyeingia dakika ya 63 umemsahau.

*Mwanachama, Kibirizi:* Kaka, tumefanya yote haya, mapengo ni manne na fedha ni za wawili. Tunaziba yapi?

Mapengo mazima kwanza, ya nusu baadaye. Kati ya mazima, anza na nafasi ambayo makosa yake yanaonekana kwenye ubao wa matokeo papo hapo: kipa, beki wa kati, mkabaji. Winga akikosekana mnacheza vibaya, beki wa kati akikosekana mnafungwa. La tatu tafutieni mkopo. La nne mpeni kijana wa nyumbani dakika 600 kabla ya Desemba, kisha mfungue daftari tena dirisha dogo likikaribia.