Geji ya mafuta inadanganya? Pima boya kabla hujanunua pampu

Umetoka sheli sasa hivi na mshale bado umelala kwenye E, au unaruka kila ukikata kona. Fundi wa haraka atakwambia pampu nzima ibadilishwe. Usitoe pesa kabla ya kupima. Ndani ya tenki kuna boya kwenye mkono mwembamba. Mafuta yakishuka nalo linashuka, mkono unasugua kibao cha rezista, na ukinzani unaobadilika ndio unaosogeza mshale. Basi ubovu uko kwenye boya na kibao chake, kwenye waya, au kwenye geji yenyewe. Mita ya umeme ya bei ndogo inatosha kujua ni wapi.

Mfano wangu ni Corolla za petroli za miaka ya 1990, maana bado ziko nyingi barabarani.

Hatua ya 1: Dashibodi. Fungua swichi bila kuwasha injini. Kama geji ya joto nayo imekufa, anza na fyuzi. Gari jipya zaidi lipime kwa mashine: kodi (namba ya hitilafu) P0462 au P0463 inakuonyesha saketi yenye hitilafu, haikwambii kifaa gani kimekufa.

Hatua ya 2: Plagi. Fanya kazi nje penye hewa, bila sigara wala cheche. Toa hasi ya betri. Inua kiti cha nyuma, fungua kifuniko, chomoa plagi. Waya nene ni za pampu, nyembamba ni za boya.

Hatua ya 3: Pima ohmu (kipimo cha ukinzani) upande wa tenki. Tenki tupu husoma karibu 110, lililojaa karibu 3. Matoleo ya baadaye mengi hupita 400 tenki likiwa tupu, kwa hiyo tafuta namba za gari lako. Tikisa gari: namba zicheze polepole. Mita isiposoma kitu, kuna waya uliokatika au kibao kimelika.

Hatua ya 4: Jaribu geji. Rudisha betri, fungua swichi, kisha unganisha zile waya mbili nyembamba za upande wa gari kupitia balbu ndogo ya wati 3.4. Balbu inalinda geji isiungue. Mshale ukianza kupanda kuelekea F, geji na waya ni vizima. Ugonjwa uko ndani ya tenki. Gari ambalo geji yake inaendeshwa na kompyuta usilijaribu hivi.

Mshale usipopanda, usikimbilie kufungua dashibodi. Toa tena hasi ya betri, pima kutoka waya wa ethi wa boya (ule unaofungwa kwenye bati la gari) hadi kwenye bodi; mita isome karibu na sifuri. Magari yaliyokaa Tanga au Mombasa huliwa na chumvi pale ethi inapofungwa kwenye bati. Fungua boliti, kwangua kutu mpaka bati ling'ae, paka grisi, kaza. Ni kazi ya dakika chache, na inashangaza ni geji ngapi zimebadilishwa bure kwa sababu ya boliti moja.

Hatua ya 5: Toa boya. Mafuta yasizidi robo tenki. Rudisha betri kama uliitoa, chomoa fyuzi ya pampu, washa injini mpaka izime yenyewe ili presha ishuke, halafu toa tena hasi ya betri. Pangusa vumbi lote kabla ya kufungua. Toa ukiwa umeinamisha, mkono usipinde.

Sogeza mkono polepole huku mita imeunganishwa. Namba zikiruka mahali pamoja, safisha kibao kwa dawa ya kusafishia kontakti na kitambaa laini. Msasa hapana, unamaliza njia ya rezista. Tikisa na boya: ukisikia mafuta ndani, limetoboka na halielei tena.

Hatua ya 6: Kununua na kufunga. Iwe Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, nenda na boya la zamani na mita yako, upime mbele ya muuzaji. Akikataa, duka la pili liko jirani. Boya la toleo jingine linaweza kuingia vizuri kabisa na bado lisome uongo.

Funga na oringi (pete ya mpira) mpya, rudisha plagi, fyuzi na betri, washa injini, kagua kama panavuja kabla ya kurudisha kiti. Kisha ongeza lita 10 na usubiri kidogo, kwani geji za zamani hupanda taratibu.