Kununua gari mkononi huku Nyanda za Juu: ipime kwenye baridi na mlimani kabla hujatoa hela

Mtu akiambiwa kuna gari inauzwa swali la kwanza huwa "namba gani?", akisikia namba D macho yanamtoka, akisikia namba B anakunja uso. Sasa ile herufi, ya kwanza kati ya tatu za mwisho kwenye kibao cha namba, inakwambia tu gari ilisajiliwa kipindi gani hapa Tanzania, haikwambii ilitengenezwa lini. IST ya 2003 inaweza kuwa na namba C na mwenzake wa 2003 hiyohiyo akawa na namba D kisa alichelewa kutoka Japan, umri wao ni uleule. Mwaka wa kutengenezwa upo kwenye kadi ya usajili wa gari, na kama kadi huiamini vuta mkanda wa kiti cha dereva mpaka mwisho, mara nyingi kule chini kabisa kuna kilebo kimeshonwa kina mwaka. Gari ya 2008 yenye mkanda wa 2003 ina maelezo ya kutoa.

Mi msimamo wangu ni kwamba kuanzia Iringa, Njombe, Mbeya mpaka Tunduma gari ya zamani inapimwa na vitu viwili ambavyo mnunuzi wa Dar hana, baridi ya asubuhi na mlima. Rangi achana nayo, rangi inapigwa siku moja na fundi yeyote mwenye kompresa.

Kabla hujapanda bodaboda kwenda kuiona, piga simu kwanza uulize kadi iko kwa jina la nani na iko wapi. Ni swali dogo ila linakuokolea nauli. Akijibu "kadi ipo, usijali kuhusu kadi" basi ndio ya kujali hiyo. Jibu unalolitaka ni "kadi ni jina langu na ninayo hapa ndani". Yale ya "niliuziwa na jamaa sikubadilisha ila mkataba ninao" sio lazima ukimbie, ila bei ishuke na huyo jamaa wa kwanza apatikane, tutafika huko.

Haya, muombe uje saa moja asubuhi na asiiwashe mpaka ufike. Mwambie kistaarabu tu, "Shikamoo mzee, naomba nikija niikute haijawashwa." Ukifika kabla hujasalimiana sana weka mkono kwenye boneti. Mwezi wa sita na wa saba hapa Mbeya au Njombe bati la boneti saa moja asubuhi ni barafu, ukikuta lina vuguvugu na mzee anasema alikuwa anaisogeza isizibe njia, mwambie sawa mzee nitapita kesho. Gari inayosumbua kuwaka asubuhi ikishapashwa inawaka kama mpya, na hiyo ndio janja ya kwanza ya muuzaji.

Injini ikiwa baridi, na nasema ikiwa baridi kwa sababu ikiwa ya moto utaungua uso, fungua mfuniko wa rejeta. Angalia maji yalivyo. Yakiwa na rangi ya kijani au pinki ya kulanti, yaani ile dawa ya kupoza injini, mwenye gari anajua anachofanya. Yakiwa kahawia ya kutu ujue wamekuwa wanajaza ya bomba miaka yote. Yakiwa na mafuta yanaelea juu, funga mfuniko shukuru nenda nyumbani, hapo uwezekano mkubwa gasketi ya silinda hedi imekwenda. Kisha chomoa kijiti cha oili na ufungue mfuniko wa kujazia oili. Hapa kuna kitu watu wanachanganya, gari ya safari fupifupi za Sae mpaka Mwanjelwa kwenye baridi inaweza kuwa na utando kidogo wa rangi ya maziwa chini ya mfuniko, huo ni unyevu tu. Ila kama oili yenyewe kwenye kijiti imekuwa kama chai ya maziwa hiyo ni maji yameingia kwenye injini.

Sasa weka swichi bila kuwasha. Taa ya injini na taa ya eabegi lazima ziwake. Zisipowaka kabisa usifurahi, kuna mtu kachomoa balbu au kaziba kwa selotepu. Wakiwasha injini zinatakiwa zizime zenyewe.

Wakati anawasha simama nyuma kwenye ekzosi, usisimame dirishani unapiga stori. Moshi mweupe mwanzoni kwenye baridi yetu ni mvuke, hata gari nzima inautoa, unaisha injini ikipata moto. Ukiendelea dakika kumi na tano baadae na maji yanapungua ndio shida. Wa bluu ni oili inaungua, na muuzaji atakwambia "hiyo ni oili nzito tu fundi aliweka", usibishane nae, andika kwenye simu yako. Mweusi ni mafuta mengi kuliko hewa, mara nyingi ni plagi, eaklina au sensa, huo unatibika.

Iache inguruma hapohapo na muangalie mshale wa temperecha. Hapa ndio penye uhondo. Magari mengi sana huku yametolewa thamostati, kile kivalvu kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto. Ilichemsha siku moja, fundi akaitoa akasema "hii huku haina kazi", gari ikaacha kuchemsha kila mtu akafurahi. Sasa kwenye baridi ya Makambako injini isiyo na thamostati haifikii joto lake, mshale unalala chini, inakula mafuta, oili inachakaa haraka, na hita haitoi joto. Kwa hiyo jaribu hita. Fungua mpaka mwisho wa moto, injini ikishapata dakika kumi na tano inatakiwa ikupulizie hewa ya moto kweli. Ikitoa ubaridi ama thamostati haipo, ama maji hayatoshi, ama njia za hita zimeziba. Halafu uliza taratibu, "Hivi hii iliwahi kuchemsha?" Thamostati yenyewe ni kitu cha bei ndogo, unachotafuta ni sababu iliyofanya itolewe.

Na mfuniko wa rejeta nao sio kitu cha kudharau kwenye miinuko. Mbeya mjini tupo kama mita 1,700 juu ya bahari, maji ya sufuria yanachemka kwenye nyuzi 94 au 95 hivi badala ya 100, kinachoyazuia yasichemke ndani ya rejeta ni presha, na presha inashikwa na huo mfuniko. Mpira wake ukiwa umekatika gari itachemsha kwenye mlima wa Kitonga wakati Morogoro haikuwahi.

Boneti ikiwa bado iko wazi angalia kama taimingi ya injini ni ya mkanda au ya cheni. IST na Probox zenye injini za NZ ni cheni, hapo sikiliza tu mlio wa kuchakacha ukiwasha ya baridi. Corolla na Carina Ti za zamani zenye 5A, na Noah zile za kwanza zenye 3S, ni mkanda, na huo kwa kawaida unabadilishwa kila kilomita laki moja. Nyingi zina stika ya Kijapani ndani ya boneti au kwenye kava ya mkanda, maandishi huyasomi lakini tarakimu unazisoma. Stika inasema mkanda ulibadilishwa kwenye 98,400 wakati dashibodi inasoma 86,000, hapo huhitaji fundi wala mganga, kilomita zimerudishwa. Stika isipokuwepo angalia raba za pedeli na usukani, pedeli ya breki iliyolika upande mmoja mpaka chuma kinaonekana haijatembea elfu themanini tu, imezidi sana hapo.

Baada ya hapo mlimani. Usikubali kuzunguka mtaani kwenye tambarare ukaambiwa umeshajaribu. Ukiwa Mbeya panda barabara ya Chunya au Mlima Nyoka pale Uyole, ukiwa Iringa shuka Ipogolo halafu upande kurudi mjini. Endesha wewe, redio zima, vioo fungua. Elewa kwamba injini isiyo na tabo (turbo) huku juu inapoteza nguvu kiasi kwa sababu hewa ni nyepesi, kwa hiyo Vitz ya cc 1,000 kupanda kwa kujivuta sio ugonjwa. Ugonjwa ni gari ya otomatiki kupiga kelele, mshale wa mzunguko unapanda halafu mwendo hauongezeki, hiyo gia boksi inateleza. Simama katikati ya kilima sehemu salama, weka P, toa, weka D, halafu R. Ikikaa sekunde mbili tatu ndio inashika tena kwa kishindo, hesabu bei ya gia boksi. Jaribu na handbreki hapohapo kwenye mwinuko. Kushuka weka gia ndogo uone kama injini inaizuia, halafu kanyaga breki kwa nguvu mara kadhaa, usukani ukitetemeka diski zimepinda, ikivuta upande kuna kalipa imeganda. Mtu anayeishi Rungwe au Ludewa asicheze na hili kabisa.

Mkifika juu angalia tena mshale wa temperecha, acha ingurume dakika tano, zima, washa tena. Kuna gari inawaka vizuri ya baridi inagoma ya moto.

Ya chini ya gari nayapitia haraka kwa sababu fundi wako atayaona, shokapu, bushi, boljointi, dravshafti zinazogonga ukikata kona mpaka mwisho, oili inayovuja. Ila nasema fundi WAKO. Umlipe wewe, umlipe ununue usinunue, na asiwe yule anayeitengeneza hiyo gari siku zote. Fundi anayelipwa tu mkinunua ni dalali mwenye spana.

Kitu ambacho fundi anaweza asikuulizie ni gari ilikuwa inafanya kazi gani. Probox iliyobeba viazi kutoka Isyonje na Noah iliyopiga abiria Tukuyu zimeishi maisha mengine kabisa na gari ya mwalimu ya kwenda shule na kurudi. Angalia nyuma, ukiona springi zimekaa, au zimeongezwa, bati la sakafu limebonyea na kuna udongo mwekundu kwenye kona za buti, hiyo ni viazi. Kwenye Noah tazama matobo ya bolti sakafuni ambapo viti viliongezwa, na reli ya mlango wa pembeni imelika kiasi gani, mlango wa familia haufunguliwi mara mia kwa siku. Namba nyeupe ni ya biashara, njano ni binafsi. Haimaanishi usinunue, inamaanisha usilipe bei ya gari ya mwalimu.

Makaratasi sasa, na hapa ndio hela nyingi zinapotea kuliko kwenye injini. Taka kadi halisi, sio kopi, sio picha ya WhatsApp. Kopi peke yake mara nyingi maana yake kadi imewekwa dhamana kwenye mkopo. Soma namba ya chasisi herufi kwa herufi kwenye kadi na kwenye bati, na namba ya injini hivyohivyo, tumia tochi ya simu, usione uvivu. Jina la kwenye kadi lifanane na kitambulisho cha NIDA cha huyo aliyesimama mbele yako. Kama jina ni la marehemu, hata kama mjane ni mama wa heshima na unamjua kanisani, anayeweza kukuuzia ni msimamizi wa mirathi mwenye barua ya mahakama. Kama ni la yule jamaa wa kwanza, aje asaini yeye, maana TRA, watu wa mapato, watataka mkataba wa mauziano na mwenye kadi, pamoja na TIN (namba ya mlipakodi) zenu wote wawili.

Ukiwa bado unaongea ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa faini za trafiki, bure kabisa na unafunguka kwenye simu, faini moja ni shilingi 30,000 na kuna gari zina faini za kutosha kununulia tairi. Angalia na madeni ya parking ya TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini. Yote ayalipe yeye kabla, asikwambie "tutakata kwenye bei" halafu mkasahau.

Bei yenyewe usiijadili ukiwa unaitazama gari. Kaa pembeni na fundi, kila kilichoandikwa kwenye simu kipewe bei ya spea na ufundi, jumlisha, toa kwenye bei ya gari nzima ya aina hiyo mjini hapo. Mwambie muuzaji kwa adabu, "Mzee gari nimeipenda, ila ina hiki na hiki." Kama kuna dalali kati ongea na mwenye mali moja kwa moja mbele yake, kwa sababu cha juu huwa kinakaa pale ambapo nyie wawili hamjaonana. Akikwambia kuna mtu kutoka Tunduma anakuja na keshi jioni, muache huyo wa Tunduma ainunue.

Mkikubaliana muende kwa wakili, mkataba uandikwe namba ya chasisi na kiasi chote kamili, watu wanapenda kuandika kidogo ili kupunguza ile asilimia 1 ya ushuru wa stempu halafu ikitokea kesi wanadai walichoandika. Hela ipitie benki kwenye akaunti yenye jina lililo kwenye kadi. Uondoke na kadi halisi, funguo zote mbili na nakala ya kitambulisho chake, na kesho yake asubuhi uwe TRA, kwa sababu mpaka kadi ibadilike gari bado ni ya mzee, na wanae wakija kusema hawakushirikishwa utakuwa unaongea na familia nzima.