Somo: Kufuata maelekezo ya letaboksi msituni kandokando ya bwawa

Letaboksi ni kisanduku kidogo kilichofichwa, na ndani yake mna kashe (muhuri wa kugonga) na kaye (daftari). Aliyekificha huandika maelekezo. Anayekitafuta huyafuata kwa miguu na dira. Akikipata, anagonga kashe ya kisanduku kwenye kaye yake, anagonga kashe yake kwenye kaye ya kisanduku, halafu anakirudisha palepale. Haondoki na kitu kingine ila alama ya wino.

Mchezo huu ulianzia Dartmoor, Uingereza, mwaka 1854, pale James Perrott wa Chagford, aliyekuwa akiongoza watembezi, alipoacha chupa Cranmere Pool ili kila anayefika aweke kadi yake. Dartmoor ni nyanda za wazi, mwamba unaonekana kutoka mbali sana. Miombo yetu ya Lubumbashi haitupi nafasi hiyo. Macho yanazuiliwa na miti, kichuguu kimoja kinafanana na kingine, na ukingo wa bwawa wa mwezi wa Machi si ule wa Oktoba. Ndiyo maana somo hili lote linashikilia jambo moja: kila kipande cha njia kianzie kwenye alama isiyosogea, ili kosa la kipande kimoja lisirithiwe na kinachofuata.

Vya kubeba

Dira ya sahani yenye duara la digrii 360, kaye isiyo na mistari, bik (kalamu), sponji ya wino, kashe yako, maji ya kunywa, viatu vya kufunika mguu na soksi ndefu zilizovutwa juu ya suruali kwa sababu ya kupe. Sponji ya wino ni yako, usitegemee kuikuta kisandukuni.

Kashe unaichonga mwenyewe kwenye gome ya kufutia (raba). Chora picha kwenye karatasi kwa penseli laini, ilaze karatasi juu ya gome uso ukiwa chini, sugua kwa kucha. Picha inahamia ikiwa imegeuka, kwa hiyo ukigonga, maandishi yatasomeka sawa. Anayechora moja kwa moja juu ya gome hupata herufi za kinyume. Kata kwa wembe, kina cha milimita 2 hivi, na ulaze wembe ili mstari unaobaki uwe mpana chini kuliko juu. Ukichimba ndani chini ya mstari, kingo zinamegeka baada ya kugonga mara chache.

Pima hatua yako kwanza

Nyoosha kamba ya mita 30 kwenye uwanja, tembea mara tatu kwa mwendo wako wa kawaida, hesabu kila mguu unaokanyaga, chukua wastani. Ukipata hatua 40, hatua yako ni sentimita 75. Kisha rudia kwenye majani marefu, kwa sababu huko hatua inafupika, na hiyo ndiyo utakayoitumia. Angalia pia mwandishi anahesabu vipi: wengine huita hatua moja kila mguu unapokanyaga, wengine kila mguu wa kulia peke yake. Kulichanganya hilo ni kufika nusu ya njia au kuipita mara mbili.

Mfano wa maelekezo

Tuchukue haya, ya bwawa la samaki lenye msitu upande wa kaskazini (mupundu ni mti wa matunda):

«Anzia mwisho wa tuta upande wa mashariki, penye bomba la kutolea maji. Yape maji mgongo. Fuata njia hadi kichuguu kikubwa cha pili mkono wa kuume. Kutoka kileleni, digrii 310, hatua 64, hadi mupundu wenye mashina matatu. Kutoka shina la katikati, digrii 75, hatua 18. Jiwe bapa. Tafuta upande usioonekana kutoka njiani. Hatua ni kila mguu, sentimita 75.»

1. Yasome yote hadi mwisho kabla ya kuinua mguu. Hapa mstari wa mwisho ndio unaotoa kipimo cha hatua, na aliyekwisha kuanza kuhesabu atalazimika kurudi.

2. Geuza hatua kuwa mita. 64 mara 0.75 ni mita 48. 18 mara 0.75 ni mita 13 na nusu. Kama hatua yako msituni ni sentimita 65, wewe utatembea hatua 74, halafu 21.

3. Thibitisha mwanzo. Mwandishi mzuri ametaja tuta na bomba, hakutaja ukingo wa maji, maana ukingo unasogea mita nyingi kati ya masika na kiangazi. Ukikutana na maelekezo yanayosema «kutoka majini», uliza yaliandikwa mwezi gani.

4. Kwenye kichuguu, panda juu. Vichuguu vyetu vikubwa vina upana wa zaidi ya mita 10 chini, kwa hiyo «kutoka kichuguu» bila kusema kilele au ukingo ni maelekezo yaliyovunjika tayari. «Kikubwa» nacho kinahitaji busara: hesabu vile vinavyozidi kimo cha mtu, viache vidogo.

5. Shika dira usawa wa kifua, sahani ikiwa bapa. Weka 310 kwenye mstari wa kusomea, zungusha mwili wako wote, si mkono tu, mpaka sindano ikae ndani ya alama yake. Chagua mti ulio kwenye mstari huo, mita 15 au 20 mbele, uufikie ukihesabu, chagua mwingine. Usitembee macho yakiwa kwenye sindano. Utapinda bila kujua. Digrii moja ya kosa katika mita 60 inakutoa nje karibu mita moja. Digrii 5 katika mita zetu 48 ni zaidi ya mita 4, na msituni mita 4 zinatosha kuuficha mti.

6. Kichaka kikikuzuia, kikwepe kwa pembe mraba. Geuka kulia digrii 40 (310 jumlisha 90, toa 360), tembea hatua 10, rudi kwenye 310 ukihesabu hadi upite kichaka, kisha digrii 220 hatua 10. Hatua za pembeni haziingii kwenye hesabu.

7. Ukifika kwenye mupundu, geuka utazame kule ulikotoka. Kichuguu kinapaswa kuwa digrii 130. Kama sicho, umepata mupundu mwingine. Hapa ndipo kosa linakomea: kipande cha pili kinaanza upya kutoka kwenye shina, hata kama ulifika ukiwa umeyumba.

8. Kwenye jiwe, tazama kabla ya kugusa. Inua kwa kijiti, kutoka upande ulio mbali nawe, ili nyoka au nge apate njia ya kutokea kule. Usiingize mkono kwenye shimo usiloona mwisho wake.

9. Ondoka na kisanduku mita kadhaa, gongea huko, ili mpita njia asijue kinakaa wapi. Andika tarehe. Ngoja wino ukauke, pangusa kashe, toa hewa kwenye sashe (mfuko mdogo wa plastiki), funga, rudisha. Jiwe lilale kama ulivyolikuta.

Maswali ya wanachama

Swali, kutoka Katuba: Mwalimu, hatua zimeisha na hakuna kitu. Nianze kupindua mawe yote?
Jibu: Hapana, ndugu. Weka kijiti pale ulipoishia. Chukua sehemu ya kumi ya umbali wa kipande hicho, na isipungue mita 3: ndiyo upana wa duara lako kutoka kijiti. Zunguka taratibu ukitafuta kisicho cha kawaida: mawe yaliyopangana, gome la mti lililoegemezwa, majani makavu yaliyolundikana mahali pasipo upepo. Usipoona, rudi kwenye alama ya mwisho uliyoithibitisha. Kuendelea kubahatisha kutoka hapo kunazidisha kosa na kuharibu msitu.

Swali, kutoka Kampemba: Dira ya simu na ya sahani zinatofautiana digrii 15. Niamini ipi?
Jibu: Tenga moja mbali na nyingine kwanza, simu yenyewe inavuta sindano. Halafu angalia kifuko cha simu chenye sumaku, mkanda wa chuma, panga, baiskeli, waya za umeme. Kwenye simu, hakikisha imewekwa kaskazini ya sumaku, kwa sababu maelekezo mengi yanatumia hiyo. Ukiondoa yote hayo, amini sahani.

Swali: Bila dira, jua halitoshi?
Jibu: Linatosha kutambua kaskazini ya jumla, halitoshi kwa digrii 310. Tena uangalie mwezi: kwetu Lubumbashi, kuanzia mwishoni mwa Oktoba hadi katikati ya Februari, jua la saa sita liko kusini, na miezi mingine liko kaskazini. Wengi hushika kanuni moja mwaka mzima wakapotea Desemba.

Swali, kutoka Ruashi: Ninataka kuficha cha kwangu. Alama gani zinadumu?
Jibu: Mwamba, tuta, nguzo ya saruji. Mti mkubwa wa mbao nzuri unaweza kuwa makala (makaa) kabla ya mwaka kwisha. Mupundu una nafasi nzuri zaidi kwa sababu watu wanapenda matunda yake. Hata kichuguu si cha milele, udongo wake unachimbwa kwa matofali, basi chagua kisicho na alama za jembe. Usiandike «mti wa majani mekundu»: huo wekundu ni wa majani machanga kabla ya mvua, ukipita majuma machache hakuna atakayeuona. Weka njia ya pili ya kuhakiki kila alama, kama ile 130 ya juu.

Swali: Moto wa majani wa Agosti umeyeyusha kisanduku. Nifanyeje?
Jibu: Kiondoe Mei, kirudishe mvua zikishika, na uandike hivyo kwenye maelekezo. Anayetaka kukiacha akiweke kwenye ufa wa mwamba, aondoe majani na matawi umbali wa mita moja pande zote. Kamwe si ndani ya gogo.

Swali, kutoka kwa mama mmoja wa komini ya Kenya, hapa Lubumbashi: Kaye inalowa kila mara, na kifuniko ni kizima.
Jibu: Mama, pangusa mpira wa kifuniko, punje moja ya mchanga inapitisha maji. Tumia sashe mbili, kaye peke yake, kashe peke yake. Na wino mbichi ukifungiwa unatoa unyevu wake wenyewe.

Swali: Tunaweza kukata njia kwa kupita ndani ya maji?
Jibu: Msiingie, hasa watoto. Kichocho kinaingia kwa ngozi iliyogusa maji yenye konokono wake, huhitaji kuyanywa. Zungukeni kwa tuta.

Swali: Walinzi wakikikuta watadhani nini?
Jibu: Tumia kisanduku kinachoonyesha vilivyomo, kibandike juu maneno «Mchezo wa kashe, tafadhali rudisha hapa» kwa Kiswahili na Kifaransa. Omba ruhusa kwa mwenye bwawa na kwa chifu wa kijiji, uwaonyeshe mahali penyewe. Usifiche karibu na kambi, reli, daraja wala nguzo za umeme.