Namna ya Kupima Hatari ya Mafuriko ya Bwawa la Majitaka Katika Eneo Kame

Anayetazama bwawa la majitaka katikati ya jangwa huamini kwa urahisi kwamba jua litalimaliza. Jeddah, nchini Saudi Arabia, iliwahi kuishi kwa imani hiyo. Sehemu kubwa ya jiji haikuwa na mabomba ya majitaka, na malori ya kunyonya vyoo yalikwenda kumwaga mzigo wao vilimani, mashariki mwa jiji, mpaka pakatokea ziwa ambalo wenyeji, kwa kejeli, waliliita Ziwa la Miski. Tarehe 25 Novemba 2009 ilinyesha mvua ya zaidi ya milimita 70 kwa saa chache, ilhali mvua ya mwaka mzima huko ni kama milimita 50 tu, na watu zaidi ya 100 wakafa. Ifahamike kwamba waliuawa na maji ya mabonde yaliyojengwa majumba, wala si na ziwa lile. Tuta lake lilisimama, ila waliokaa chini yake walilala kwa hofu, na mwaka uliofuata ziwa likakaushwa.

Afisa wa manispaa, au kamati ya mtaa ulio chini ya bwawa kama hilo, aanze na hesabu ya siku za kawaida, kabla hajafikiria mvua. Chukulia kwamba maji yaliyo wazi katika eneo kame hupoteza kwa mvuke kina cha mita 2 kwa mwaka. Hekta 1 itapoteza mita za ujazo 20,000, yaani kama 55 kwa siku, ambazo ni malori matano na nusu yenye tangi la lita 10,000. Bwawa la hekta 10, tukiacha kando maji yanayozama ardhini, linamudu malori 55 kwa siku. Lori la 56 ndilo linaloanza kulijaza. Hesabu malori langoni kwa wiki nzima, kwa sababu daftari la ofisini mara nyingi huandika machache kuliko yanayopita. Kumbuka pia kwamba mvuke hupungua msimu wa baridi, na Jeddah mvua huja hasa kati ya Novemba na Januari, wakati jua limekwisha kulegea.

Hesabu ya pili ni ya dakio, yaani ardhi yote ambayo maji yake huteremkia bwawani. Milimita 1 ya mvua juu ya hekta 1 ni mita za ujazo 10. Dakio la hekta 200 likipata milimita 70, na nusu yake ikatiririka juu ya udongo mgumu usio na majani, bwawa litapokea mita za ujazo 70,000. Kwa bwawa letu la hekta 10, maji yatapanda sentimita 70, na mvua inayoangukia bwawani yenyewe itaongeza 7. Kwa hiyo bwawa lililobakiza nusu mita kufikia kilele cha tuta halina akiba yoyote, hata kama kwa macho linaonekana salama. Usitumie wastani wa mvua wa mwaka katika hesabu hii. Katika nchi kame wastani huficha siku moja inayoua.

Kisha litembelee tuta kwa miguu, upande wa chini. Unyevu kidogo unaotoa maji maangavu, yasiyo na tope, unahitaji kuangaliwa kila siku, lakini maji yanayotoka na tope yanaonyesha kwamba udongo wa ndani unachukuliwa, na hapo watu wa chini wahamishwe kwanza, mafundi waitwe baadaye. Tazama mashimo ya panya, nyufa na mahali palipochimbwa mchanga. Katika kijiji cha Umm al-Nasr, kaskazini mwa Ukanda wa Gaza, tuta la mchanga la bwawa la majitaka lilibomoka tarehe 27 Machi 2007, na watu wasiopungua 4 wakafa katika kinyesi na tope.

Utoro wa maji, ile njia ya kutolea maji ya ziada, uwe wa mawe au zege na usizibwe na takataka. Fuata njia yake hadi mwisho: ukiishia uani kwa mtu, umehamisha mafuriko tu.

Katika kupunguza hatari, kazi nafuu kuliko zote ni kuchimba mtaro juu ya bwawa ili maji ya mvua yalipite kando. Kushusha kina kwa pampu kabla ya msimu huja baada ya hapo, kwa sharti kwamba maji yametibiwa. Simika pia nguzo yenye vipimo ndani ya maji na uipake mstari mwekundu, chini ya kilele cha tuta kwa kiasi ambacho hesabu ya pili imeonyesha kwamba maji yatapanda. Maji yakifika mstarini, mlinzi wa lango awe na mamlaka yaliyoandikwa ya kuyarudisha malori bila kupiga simu kwa mkubwa yeyote, na awe ameshaambiwa yaende kumwaga wapi.