Ukurasa Uliokushika: Namna ya Kupata Maoni Yako Juu ya Kitabu

Mimi ni wakala wa M-Pesa hapa Kondele, Kisumu, na husomea kibandani, kati ya mteja na mteja. Tangu Januari nimemaliza vitabu tisa, riwaya sita na tawasifu tatu. Wateja wakinikuta nimeinamia kitabu huniuliza swali lile lile: "Ni kizuri?" Zamani nilijibu "kizuri sana" nikaishia hapo, au nikakariri maneno ya jalada la nyuma kana kwamba ni yangu. Ilinikera. Mtu aliyekipa kitabu siku kumi za macho yake anastahili kuwa na neno lake mwenyewe la kusema. Haya ndiyo ninayofanya mpaka nilipate neno hilo, na wewe unaweza kuyafanya hata kama uliachana na fasihi siku ile uliporudisha karatasi ya mtihani.

Kwanza hesabu kurasa. Vitabu vyangu vingi ni vya mitumba, vya shilingi 100 au 150, na mwaka jana muuzaji mmoja aliniuzia riwaya iliyoruka kutoka ukurasa wa 96 hadi 129. Nilikuwa nimeshamkasirikia mhusika mkuu kwa kubadilika ghafla ndipo nikagundua kwamba kurasa 32 hazimo. Vitabu hufungwa kwa mafungu, mara nyingi ya kurasa 16 au 32, kwa hiyo kinachong'oka huwa ni fungu zima. Pitisha kidole gumba ukitazama nambari kabla hujatoa pesa. Usije ukamlaumu mwandishi kwa kosa la gundi.

Halafu tafuta daftari. Mimi kama wakala nina daftari kubwa la miamala, lenye safu za tarehe, jina, nambari ya kitambulisho, kiasi na sahihi. Mimi nilichukua la zamani lililobaki na kurasa tupu, nikaandika vichwa vipya juu ya safu: tarehe, ukurasa, kilichotokea, mimi. Safu hiyo ya mwisho ndiyo kazi yenyewe. Usiandike muhtasari humo. Andika kilichokupata wewe ulipokuwa ukisoma: ulicheka, ulichoka, ulimshuku mtu, ulimkumbuka shangazi yako. Mstari mmoja unatosha. Huu hapa mmoja wangu: "Uk. 40. Amemdanganya mamake. Mimi: nimemwelewa, na sikutaka kumwelewa."

Andika papo hapo, usingoje kumaliza. Ukingoja, sura ya mwisho itafunika zote zilizotangulia. Kitabu kilichokuchosha kwa kurasa 200 kikakuliza kwenye kurasa kumi za mwisho kitatoka kifua mbele, nawe utawaambia watu ni kizuri. Daftari litakukumbusha zile 200.

Tena, ukiweza, andika kwa lugha isiyo ya kitabu. Vingi ninavyosoma ni vya Kiingereza, nami naandika Kiswahili. Sababu ni kwamba siwezi kuazima sifa za jaladani. Lile neno linalotafsiriwa "ya kusisimua" halina kazi kwenye safu yangu; inanibidi niseme nini hasa kilichonisisimua. Kikiwa ni kitabu cha Kiswahili, naandika Kimaragoli, lugha ya mama, na hapo ndipo uvivu wangu wote huisha.

Kuna kipimo kimoja nilichofundishwa na kazi yangu. Ninaposoma, mteja hufika kila baada ya dakika chache. Anataka kutoa elfu mbili, au ametuma pesa kwa nambari isiyo yake na anatetemeka. Naweka kitabu chini, namhudumia, narudi. Je, najua nilipoachia bila kurudi nyuma aya nzima? Je, ninapomhesabia noti bado namsikia mhusika akisema? Kitabu kinachovumilia kukatizwa kina uhai ndani yake. Wewe labda hukatizwa na watoto au na kondakta anayedai nauli. Usilalamike, tumia kukatizwa huko kama kipimo.

Sasa nikuonyeshe ukurasa mmoja ulionishika, kwa sababu hapo ndipo maoni huzaliwa.

Mwezi Machi nilisoma Coming to Birth, riwaya ya Marjorie Oludhe Macgoye iliyotoka mwaka 1986. Mwandishi alizaliwa Uingereza, akaja Kenya mwaka 1954, akaolewa Nyanza na kukaa miaka mingi kwetu huku. Riwaya inaanza mwaka 1956, Paulina, msichana wa miaka 16, anashuka kwenye treni Nairobi kumfuata mumewe. Baadaye maisha yanamrudisha Kisumu, na hapa Kisumu, mwaka 1969, mtoto wake mdogo Okeyo anauawa kwa risasi.

Tukio lile la risasi si la kubuni. Tarehe 25 Oktoba 1969 Rais Kenyatta alikuja kufungua hospitali mpya iliyojengwa kwa msaada wa Wasovieti. Kukawa na kelele za wafuasi wa Oginga Odinga, kiongozi wa upinzani, walinzi wakafyatua risasi kwenye umati. Serikali ilitaja watu 11 waliokufa, na watu wa hapa wamesema siku zote kwamba walikuwa wengi zaidi. Hospitali hiyo leo ina jina la Jaramogi Odinga mwenyewe, lakini sisi bado tunaiita Russia. Kutoka kibandani kwangu ni mwendo mfupi. Akina mama wanaolaza watoto pale huja kwangu kutoa pesa za dawa.

Basi nilikuwa nasoma kifo cha Okeyo saa nne asubuhi, na mama mmoja akafika na mtoto mgongoni, amefungwa kwa leso ya manjano, mkono mmoja umetoka nje na plasta ya sindano bado imebandikwa. Alitoa shilingi 1,500. Vidole vyangu viliandika nambari mara mbili vikakosea. Alipoondoka niliandika: "Mimi: nilitaka mwandishi akae hapa zaidi. Hakukaa. Ameniacha na mtoto mikononi."

Hayo ndiyo maoni yangu juu ya kitabu kile, na niliyapata kwa kuuchimba mstari huo mmoja. Kwa nini nilitaka akae? Kwa sababu nilitaka kulia nikamaliza. Kwa nini hakukaa? Kadiri ninavyoona mimi, kwa sababu Paulina hakupewa nafasi hiyo. Ilibidi aendelee kuishi, kupika, kufanya kazi. Mwandishi ametufanyia sisi wasomaji kile ambacho mji ulimfanyia mama yule. Sikupenda nilipokuwa nasoma, na sasa naamini ndiyo nguvu kubwa ya kitabu chote. Ona nilikotoka na nilikofika: kutoka "sikupenda" hadi "kwa nini sikupenda". Fanya safari hiyo kwa ukurasa mmoja tu, ule uliokushika zaidi, na utakuwa na la kusema kuliko mtu aliyesifia kurasa zote.

Tawasifu zina njia yake. Unakumbuka lile swali la mtihani, "Eleza muktadha wa dondoo hili, alama 4"? Nani anasema, anamwambia nani, wapi, na kwa sababu gani. Shuleni tulilikariri kama dua. Kwa tawasifu ndilo swali bora kuliko yote, ila liulize kitabu kizima. Nani anasema: mtu wa umri gani, aliyefika wapi? Anamwambia nani: wapiga kura, wajukuu, wageni? Na mbona sasa?

Dreams from My Father ya Barack Obama ilitoka mwaka 1995, kabla hajachaguliwa kwa cheo chochote cha siasa. Nilipoisoma nikitafuta rais, sikumwona. Niliposoma tena nikijua ni kijana asiye na kura ya kulinda, sura za Kenya zilifunguka: treni ya usiku kutoka Nairobi hadi Kisumu, halafu Kogelo, kijiji cha babake, na makaburi. Tena katika utangulizi anakiri kwamba baadhi ya watu humo ameunganisha wawili watatu kuwa mmoja. Ukiruka utangulizi utamwamini kila mtu kama shahidi. Usiruke.

Days of My Life ya Grace Ogot ni kinyume chake. Ilichapishwa hapa hapa Kisumu mwaka 2012, mama akiwa ameshakuwa muuguzi, mtangazaji, mwandishi, mbunge na waziri msaidizi. Anasema mtu aliyekwisha kufika. Niliithamini, nikajifunza mengi, lakini kwenye safu yangu niliandika mara kadhaa: "Hapa amefunga mlango." Mzee ana haki ya kufunga mlango, nami nina haki ya kusema nimeuona umefungwa.

Kile cha Binyavanga Wainaina, One Day I Will Write About This Place, kilichotoka mwaka 2011, ndicho ninachompa mtu yeyote anayetoka Nakuru. Mtoto wa Nakuru miaka ya sabini, mpira nyuma ya nyumba, na neno alilojitungia mwenyewe, kimay, kwa sauti alizozisikia asizielewe. Kinachosha katikati. Nilisema hivyo kwa dada yangu na akanuna siku mbili, lakini daftari langu lina miayo mitatu kati ya kurasa 120 na 160.

Rudia pia kitabu ulichosomeshwa. Mimi nilirudia Siku Njema ya Ken Walibora, ya mwaka 1996, ambaye alikuwa mtu wetu wa huku magharibi. Nikiwa shuleni nilimpenda Kongowea, mhusika mkuu, kama kaka, jinsi alivyotoka Tanga akivuka hadi Kenya kumtafuta baba. Safari hii niliona bahati inamjia mahali nilipotaka jasho. Lugha, hata hivyo, bado inanifanya nisome kwa sauti kibandani, na mara mbili mteja amesimama kusikiliza mpaka foleni ikamzidi. Maoni mawili yanayopingana juu ya kitabu kimoja si kosa. Yaandike yote mawili.

Ukiulizwa sasa "ni kizuri?", usianze na hadithi ilivyo. Taja ukurasa uliokushika, sema ulikufanya nini, kisha sema kitabu kinamfaa nani. Mwisho wa hadithi uache, ni mali ya atakayefuata kusoma. Na akikupinga, muulize ukurasa wake. Mtu asiye na ukurasa anabishana na jalada.

Kisha azimisha kitabu, ila andika jina, simu na tarehe. Nimepoteza viwili kwa kuona haya kuandika. Coming to Birth nilimpa jaduong' mmoja, yaani mzee kwa Kijaluo, mteja wangu wa kila mwisho wa mwezi, aliyekuwa mvulana wa shule hapa mjini mwaka ule wa 1969. Niliogopa kidogo kumpa. Nilidhani najua ni ukurasa gani atakaoukunja kona.

Alikaa nacho wiki tano. Alipokirudisha, kona iliyokunjwa ilikuwa mwanzoni kabisa, pale Paulina anapopotea Nairobi asijue njia ya kurudi kwa mumewe. "Mimi nilishuka kwenye treni hiyo hiyo," akasema, "na anwani niliyopewa ilikuwa imelowa jasho, haisomeki." Nikamuuliza kuhusu Russia. Akasema alisoma, akageuza ukurasa. Nikamhesabia pesa zake, akatia sahihi, nami nikafungua lile daftari lingine nikaandika mstari wake chini ya wangu.