Washa IPv6 kwenye simu yako

IPv4, mfumo wa zamani wa anwani za IP (namba zinazotambulisha vifaa kwenye intaneti), ina anwani kama bilioni 4.3 tu na akiba kuu ya dunia iliisha Februari 2011, ndo maana siku hizi watu kibao mnachangia IP moja. Cheki kwenye ruta, IP ya WAN (ya upande wa nje, kwenye intaneti) ikiwa kati ya 100.64 na 100.127 ujue mnachangia, na hapo kuifikia kamera ya nyumbani ukiwa mbali ni shughuli kweli. IPv6 ndo mfumo mpya wenye anwani tele.

Kwenye Android ingia setingi, mtandao wa simu, APN (setingi za kuunganisha data), pale kwenye protokali chagua IPv4/IPv6 (sio IPv6 peke yake, saiti kibao bado ziko kizamani kwenye IPv4), sevu, zima data uwashe tena. Ukiona IP ya simu ni ndefu na inaanza na 2, imekubali hiyo, ukiona inayoanza na fe80 tu (anwani ya ndani, haitoki kwenda intaneti) bado, wasumbue wanaokuuzia bando.