SOMO: Kompyuta haina sauti? Ipime kwanza kabla hujanunua kadi mpya

Salaam wanachama wote.

Wiki iliyopita mwalimu mmoja wa kwaya aliniletea kompyuta yake ya mezani, ameifunga kwa khanga isipate vumbi la njiani, na mkononi ameshika kadi mpya ya sauti ambayo mfuko wake haujafunguliwa. Ameshalipa. Alichotaka kwangu ni kuifunga tu. Nikamwomba dakika kumi nipime kwanza. Kumbe kompyuta ilikuwa inapeleka sauti kwenye skrini kupitia waya wa HDMI, na skrini yenyewe haina spika. Kadi yake ya zamani ilikuwa nzima. Duka halikukubali kuirudisha ile mpya, na hela ile ilikuwa mchango wa wanakwaya. Iliniuma, ndiyo maana nimekaa kuandika somo hili. Sehemu kubwa ni kupima. Kufunga kadi ni kazi ya robo saa.

Kadi yenyewe iko wapi?

Zamani kompyuta ilikuwa inatoa milio tu, ukitaka muziki unanunua kadi na kuichomeka. Sound Blaster ya kampuni ya Creative ya Singapore, iliyotoka mwaka 1989, ndiyo iliyozoesha watu hivyo. Baadaye Intel ikaleta kiwango cha AC'97 mwaka 1997, kisha HD Audio mwaka 2004, na sauti ikahamia kwenye mazabodi, yaani ubao mkuu wa kompyuta. Leo kwenye kompyuta nyingi "kadi ya sauti" ni chipu ndogo iliyochomelewa karibu na matundu ya spika, mara nyingi ya kampuni ya Realtek. Kwa hiyo fundi akikwambia kadi yako imeungua, muulize: ni kadi ya kuchomoa, au chipu ya kwenye mazabodi?

Hatua ya 1: Sikiliza ugonjwa wenyewe

Kukosa sauti kabisa ni tatizo moja, sauti ya upande mmoja ni jingine. Upande mmoja karibu kila mara ni waya au tundu. Mikwaruzo inayokuja ukigusa waya ni tundu. Mikwaruzo inayokuja wakati kompyuta imeelemewa na kazi, hiyo mara nyingi ni draiva, yaani programu inayoiwezesha Windows kuongea na kifaa. Mngurumo mzito usiokoma ni mambo ya umeme, nimeueleza kwenye maswali hapo chini.

Hatua ya 2: Ondoa mashaka ya nje

Chukua spika zako uzichomeke kwenye simu au redio. Zikilia, hazina kosa. Kisha zirudishe kwenye tundu la kijani nyuma ya kompyuta. Kijani ni la kutolea sauti, la waridi ni la maiki, la bluu ni la kuingizia sauti kutoka kifaa kingine. Nimeona spika zimechomekwa kwenye waridi mwaka mzima.

Hatua ya 3: Kipimo cha bure

Hiki ndicho ninachokipenda kuliko vyote, na watu wengi hawakijui. Spika ya Bluetooth, na karibu kila hedifoni ya USB, ina kadi yake ya sauti ndani. Haitumii ile ya kompyuta. Kwa hiyo unganisha mojawapo ucheze wimbo. Ikilia vizuri huku tundu la kijani liko kimya, Windows yako haina shida kubwa, tafuta kosa kwenye chipu, draiva yake au tundu. Zote zikiwa kimya, kosa liko kwenye programu, na hakuna kadi itakayolitibu.

Hatua ya 4: Ndani ya Windows

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika mmsys.cpl, kisha Enter. Utaona orodha ya vifaa vya kutolea sauti. Chenye alama ya tiki ya kijani ndicho kinachotumika. Kama tiki iko kwenye jina la skrini au televisheni, umeshapata ugonjwa wa mwalimu wetu: bofya kulia kwenye spika zako na uzifanye ndizo chaguo la kawaida. Bofya kulia pia kwenye nafasi tupu uweke tiki kwenye chaguo la kuonyesha vifaa vilivyozimwa, maana wakati mwingine spika zipo, zimezimwa tu.

Zikiwa hazipo kabisa, rudi kwenye Windows na R uandike devmgmt.msc. Fungua kundi la sauti, na lile la vifaa vingine kama lipo. Kifaa chenye alama ya mshangao ya njano au mshale wa kuelekea chini, kibofye mara mbili usome namba ya kosa. Code 28 maana yake draiva haijawekwa. Code 22, mtu amekizima. Code 10, kimeshindwa kuwaka, na hapo ama draiva ni mbovu ama kifaa chenyewe kinakufa.

Kabla ya kutafuta draiva, ijue chipu yako. Kwenye dirisha hilohilo nenda kwenye maelezo ya kina, chagua vitambulisho vya kifaa. Ukiona VEN_10EC, ni Realtek, na tarakimu nne baada ya DEV ndiyo modeli: DEV_0887 ni ALC887. Chukua draiva kwenye tovuti ya aliyetengeneza kompyuta au mazabodi. Zile programu zinazojitangaza kwamba zitatafuta draiva zote kwa mpigo, ziache. Nimesafisha mashine nyingi zilizojaa uchafu wake.

Hatua ya 5: Hakimu asiyependelea

Chukua flashi ya GB 8 au zaidi, weka Ubuntu (mfumo wa bure wa jamii ya Linux, unaofanya kazi badala ya Windows) kwa programu ya Rufus, washa kompyuta kupitia flashi hiyo na uchague kujaribu bila kusakinisha. Windows yako haiguswi. Fungua dirisha la amri kwa Ctrl, Alt na T, andika:

aplay -l

Hapo utaona kila kadi ambayo mfumo umeiona. Kisha:

speaker-test -c2 -t wav

Sauti ya mtu itataja upande wa kushoto, halafu wa kulia. Usiposikia kitu, andika alsamixer, na ukiona MM chini ya nguzo yoyote, nguzo hiyo imefungwa mdomo. Simama juu yake kwa mishale ubonyeze M.

Ubuntu ikitoa sauti, chipu ni nzima na shida iko Windows. Chipu isipoonekana hata huku, ingia BIOS (mipangilio ya msingi inayofunguliwa kabla Windows haijawaka) uhakikishe sauti ya mazabodi haijazimwa. Ikiwa imewashwa na bado haionekani, basi hapo ndipo tunaposema imekufa. Ikionekana lakini haitoi mlio, nenda hatua inayofuata kabla ya kuizika.

Hatua ya 6: Tundu

Zima kompyuta, washa tochi, chungulia ndani ya tundu. Tundu zima lina ukuta safi na vibati vyembamba vinavyong'aa pembeni. Mimi nipo Tanga, na hewa yetu ya chumvi hugeuza vibati hivyo vikawa na ukungu wa kijani kama wa sarafu ya zamani. Lowanisha kijiti chembamba cha pamba kwa isopropili (spiriti ya kusafishia), zungusha taratibu, acha ikauke kabisa. Kuna siku nilikuta ncha ya jeki ya hedifoni imekatikia ndani, nukta ndogo ya dhahabu huko mwisho, na mwenye kompyuta alikuwa ameshaweka Windows upya mara mbili.

Kibati kimoja humo ndani ni swichi inayohisi kama kuna kitu kimechomekwa. Kikikwama, laptopu huamini hedifoni ipo na inazima spika zake. Chomeka na kuchomoa jeki mara kumi hivi. Mara nyingi kinaachia.

Kwenye kompyuta ya mezani, jaribu tundu la mbele na la nyuma. La nyuma likilia na la mbele kimya, kagua waya mwembamba unaotoka mbele ya kasha kwenda kwenye mazabodi. Soketi yake ina pini tisa, nafasi moja imeachwa wazi ili usiigeuze.

Hatua ya 7: Kubadilisha

Laptopu: usimruhusu mtu aanze kuchomelea chipu. Nunua kadi ya USB. Unachomeka, Windows na Linux zote zinaitambua zenyewe, kazi imekwisha.

Kompyuta ya mezani nayo inaweza kutumia hiyohiyo ya USB. Ukitaka ya ndani, fungua kasha kwanza uone nafasi uliyonayo. Kadi za sasa huingia kwenye PCI Express x1, ile nafasi fupi ya kama sentimita mbili na nusu. Kadi za zamani ni za PCI, ndefu, na haziingiliani.

Chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache umeme uliobaki uishe. Gusa chuma tupu cha kasha ili umeme tuli wa mwilini usiende kwenye kadi. Ng'oa kibati cha nyuma kilicho mkabala na nafasi hiyo. Shika kadi kwa kingo, usiguse meno ya dhahabu, isukume wima mpaka ikae sawa, kisha kaza skrubu. Skrubu hiyo usiiache, maana kila ukivuta waya wa spika, kadi inainuka upande mmoja. Washa, weka draiva ya kadi, rudi mmsys.cpl uichague. Chipu ya zamani ukiizima BIOS, majina hayatakuchanganya.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Kigoma): Shikamoo fundi. Laptopu yangu inanguruma kwenye spika za nje nikichomeka chaja tu. Nikitumia betri, kimya. Je, kadi inakufa?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Kadi yako haina kosa. Huo ni mngurumo wa umeme wa gridi, hezi 50, unaopita njia ya waya wa ethi, ule wa usalama unaokwenda ardhini. Chomeka laptopu na spika kwenye ekstensheni moja, tena yenye ethi inayofanya kazi. Usikate pini ya ethi ya plagi kama wengine wanavyoshauri, hiyo inalinda maisha yako. Isipokoma, kadi ya USB huenda isisaidie. Tafuta kile kifaa kidogo cha kutenganisha ethi kinachowekwa kwenye waya wa sauti.

Swali (Mombasa): Earphone za simu nasikia vizuri kwenye kompyuta ya mezani, lakini maiki haifanyi kazi.

Jibu: Angalia jeki yake. Ina mistari mitatu myeusi, yaani sehemu nne, ya nne ikiwa ya maiki. Tundu la kijani la nyuma linajua sehemu tatu tu. Nunua kigawanyio chenye tundu moja na jeki mbili, moja ya kijani na moja ya waridi. Kadi haihusiki hapa.

Swali (Dodoma): Kaka, sauti imepotea baada ya Windows kujisasisha.

Jibu: Fungua devmgmt.msc, bofya mara mbili kifaa cha sauti, nenda sehemu ya draiva ubonyeze kitufe cha kurudisha draiva ya awali. Kikiwa kimefifia, kiondoe kifaa hicho hapohapo kisha washa kompyuta upya, Windows itakiweka tena yenyewe.

Swali (Mwanza): Nimepewa kadi ya PCI ya mtumba. Niifunge?

Jibu: Kwanza hakikisha mazabodi yako ina nafasi ya PCI, mpya nyingi hazina. Pili, kadi nyingi za enzi hizo hazikupata draiva za Windows ya biti 64. Ijaribu kwa ile flashi ya Ubuntu, Linux bado inazijua nyingi. Angalia pia kapasita zake, zile kopo ndogo: iliyovimba kichwani au kuvuja maji ya kahawia, usiifunge.

Swali (Arusha): Kadi ndogo ya USB itatosha kurekodi kwaya?

Jibu: Kwa masomo, mikutano na filamu inatosha kabisa. Kurekodi kwaya, hapana. Tundu lake la maiki kwa kawaida ni la upande mmoja tu na lina vumo la chinichini ambalo ukipandisha sauti linasikika juu ya waimbaji. Tafuta intafesi ya sauti ya USB yenye tundu la XLR (lile la duara la pini tatu la maiki za studio) na umeme wa volti 48 kwa maiki za kondensa, ambazo haziwaki bila umeme huo. Mwalimu wetu nimemwambia hivyo hivyo, na ameanza kuweka akiba.